Uzi maalumu: TV sebuleni, watoto wetu, na nani anashika rimoti

#1 Mwalimu wa Awali (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Likizo ya Juni hiyo inakuja, na nyumba nyingi TV itawashwa watoto wakiamka, izimwe wakubwa wakienda kulala. Mimi ni mwalimu wa darasa la awali hapa Dar na ni mama pia, kwa hiyo jambo hili nakutana nalo sebuleni kwangu na nakutana nalo tena darasani Jumatatu asubuhi. Nimeamua kuliandika kwa kirefu kwa sababu kila likiletwa humu linaishia kwenye mabishano ya TV ni mbaya, TV ni nzuri, na mzazi aliyekuja kuuliza afanyeje saa 11 jioni watoto wakirudi shule anaondoka bila jibu. Naomba mnivumilie, uzi ni mrefu.

Jumatatu huwa tunakaa mkekani, kila mtoto anasimulia mwisho wa wiki alifanya nini. Muhula huu mtoto mmoja wa miaka mitano alisimama akatuigizia mama mkwe anavyomzaba kofi mke wa mwanawe. Alishika kiuno, akakunja sura, akazaba kofi hewani, kisha akageuka akawa yule aliyepigwa, akajishika shavu, machozi yakamtoka kweli. Majina ya wahusika wote anayajua, na nani kamdhulumu nani kampuni anajua. Wenzake wakapiga makofi. Nikamuuliza, "Na wewe Jumapili ulicheza na nani?" Akanyamaza. Nikamuuliza kwa njia nyingine, akanyamaza vilevile, akarudi kukaa. Ni mtoto mwerevu sana yule, ana kumbukumbu ya ajabu. Ila Jumapili yake nzima aliimaliza mbele ya tamthilia ambayo hakuna aliyemwekea yeye. Wakubwa walikuwa wanaangalia, naye alikuwepo.

Hoja yangu iko hapo. Nyumba zetu nyingi tunamwekea sheria mtoto, TV yenyewe tunaiacha huru. Mtoto anaambiwa "leo katuni basi", rimoti inahamia kwa mama, au kwa dada, au kwa mjomba aliyekuja kusalimia, TV inaendelea, na mtoto anabaki palepale kwenye kochi akiangalia kitu kibaya kuliko katuni aliyonyimwa. Sheria ya namna hiyo mtoto haielewi, na ana haki ya kutoielewa. Sheria ya TV iwe ya nyumba nzima: inawashwa lini, kwa kipindi gani, inazimwa lini, na kila anayeshika rimoti anaijua.

Kuna TV ambayo wazazi wengi hawaihesabu kabisa, ile inayowaka bila mtu kuiangalia. Mama yuko jikoni, dada anafua, mtoto anachezea vifuniko vya chupa sakafuni, na TV inaongea peke yake toka asubuhi. Tunasema haina shida kwa kuwa mtoto haiangalii. Shida ipo. Mwaka 2009 daktari wa watoto wa Marekani, Dimitri Christakis, na wenzake walichapisha utafiti ambao watoto wa kuanzia miezi miwili mpaka miaka minne walivalishwa vinasa sauti vidogo wakiwa nyumbani kwao. Wakakuta kwamba kwa kila saa moja ya TV inayosikika, maneno ambayo mtoto anayasikia kutoka kwa mtu mzima yanapungua kwa takriban 770. Na mtoto mwenyewe naye anatoa sauti chache zaidi. TV ikiongea, sisi tunanyamaza, na mtoto mdogo lugha anaipata kwa mtu anayemjibu. Mimi hapa ndipo ningeanzia kama ningeambiwa nibadilishe kitu kimoja tu ndani ya nyumba: isipoangaliwa, izimwe. Mtu akitaka sauti ya kumpa kampani akiwa anapika, kuna redio, na muziki wa kiasi.

Sasa suala la saa ngapi kwa siku. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019. Mtoto ambaye hajafika mwaka mmoja asiwekewe skrini kabisa, wa mwaka mmoja vilevile haishauriwi, na kuanzia miaka miwili mpaka minne isizidi saa moja kwa siku, ikipungua ni bora zaidi. Nakubaliana nao. Ila kwa uzoefu wangu, mtoto wa miaka minne ukimwambia "nusu saa" hujamwambia kitu. Hajui nusu saa ni nini. Anachokijua vizuri ni kwamba kipindi kimeanza na kipindi kimeisha. Wimbo wa mwanzo anaujua, wimbo wa mwisho anaujua. Kwa hiyo nyumbani kwangu tunahesabu vipindi. Unachagua kipindi kabla TV haijawashwa, unaiwasha kwa ajili ya hicho, kikiisha inazimwa. Na anayeizima ni mtoto mwenyewe. Mpe rimoti akibonyeze kile kitufe chekundu, utashangaa jinsi kelele zinavyopungua. Muhimu ni kwamba kinachofuata kiwe tayari: maji ya kuoga yameshatekwa, au chakula kiko mezani, au mnatoka uani. Ukizima TV halafu ukamwacha amesimama katikati ya sebule hana la kufanya, lazima alie, hata mtu mzima angelia.

Vipindi vizuri vya Kiswahili vipo, tusiseme havipo. Ubongo Kids inatengenezwa hapahapa Dar na ilianza kurushwa TBC1 mwaka 2014, hisabati na sayansi kwa hadithi na nyimbo, kwa watoto walioanza shule. Akili and Me ya hao hao ni ya wadogo wa miaka 3 mpaka 6, yule binti anayeishi chini ya Kilimanjaro ambaye akilala anaingia kwenye nchi ya ndotoni na marafiki zake wanyama. Hiyo ya pili ilifanyiwa utafiti Morogoro, ukachapishwa mwaka 2018, na watoto walioonyeshwa kwa wiki chache waliwapita wenzao kwenye kuhesabu, kutambua namba na maumbo, hata kuchora. Mimi darasani ninawaona. Mtoto anayekuja na wimbo wa kuhesabu kutoka kwenye kipindi kile, kesho yake unaendelea naye pale alipofikia.

Sasa kuna hizi TV za kisasa zenye YouTube ndani yake. Hapa ndipo kipimo cha kipindi kinapovunjika, kwa sababu YouTube haina mwisho. Video moja ikiisha nyingine inaanza yenyewe, na inayofuata hujaichagua wewe. Mtoto anaanza na nyimbo za herufi saa 10, ukitoka jikoni saa 11 unakuta mtu mzima aliyevaa kama katuni anafungua maboksi ya zawadi na kupiga mayowe. Ingia kwenye mipangilio uzime ile ya kucheza mfululizo. Kama TV yako inakubali, mfungulie mtoto YouTube Kids, ile YouTube ya watoto, na ukitaka unaweza kuruhusu zile video ulizochagua wewe tu. Mimi binafsi napenda zaidi flashi. Unapakua vipindi halali vya kutosha wiki nzima, unachomeka kwenye TV, na kikiisha kimeisha. Bando nalo linapumua.

La mwisho, na hili naomba tuliongee kwa heshima, ni dada wa kazi. Nimesikia wazazi wenzangu langoni mwa shule wakilalamika, "dada anawawekea TV tu mchana kutwa." Tumjibu kwa haki. Yule binti anaamka kabla ya kila mtu, anafua, anapika, anadeki, analea watoto wawili mpaka watatu, na mzazi anarudi saa 1 usiku. TV ndiye msaidizi pekee tuliyemwachia. Ukimkataza TV bila kumpa kitu kingine umemwongezea kazi tu, na atawasha ukitoka, ungekuwa wewe ungewasha pia. Kaa naye, mpangie: kipindi kimoja watoto wakila asubuhi, kimoja mchana yeye akipumzika na kuangalia chake wadogo wakiwa wamelala. Mnunulie watoto udongo wa kuchezea, chaki, kamba, mruhusu uani pachafuke. Na kama kufua nguo zote kunamfanya ashindwe kuwa na watoto, punguza kufua. Huwezi kumdai ulezi wa shule ya awali na usafi wa hoteli kwa siku moja.

Karibuni mchangie. Kila mtu aseme nyumbani kwake inawezekanaje.


#2 Baba Watatu Tandika

Mwalimu, shikamoo ya heshima, nimesoma mpaka mwisho. Umeandika vizuri ila umeandikia watu wenye sebule.

Mimi nimepanga chumba kimoja. Mimi, mama watoto na watoto watatu. TV iko miguuni mwa kitanda, mkeka wa watoto uko hapo chini. Natoka kibaruani narudi saa 2 usiku, nataka nione taarifa ya habari, nami ni binadamu. Watoto wataenda wapi? Uani ni ndoo za wapangaji na jiko la mkaa la jirani. Nje ni njia ya bodaboda. TV ndiyo inayonihakikishia kwamba watoto wako ndani na wazima.

Na kuna kitu hujakigusa. Mimi nikizima ya kwangu, wanaenda kwa jirani. Wakikosa kwa jirani, wale wawili wakubwa wanatafuta mia mbili wanaingia kibanda umiza. Kule wanaonyesha sinema za kuchinjana saa 8 mchana na hakuna anayemuuliza mtoto umri wake. Sasa bora nini?


#3 Mwalimu wa Awali

Baba Watatu, marahaba, na asante sana. Hoja yako ina uzito kuliko zote nilizosikia, na wanafunzi wangu wengi wanatoka kwenye chumba kama hicho.

Kuhusu kibanda umiza uko sahihi kabisa. TV ya nyumbani ambayo baba anajua inaonyesha nini ni bora mara mia. Kwa hiyo ya kwako iache, tena iwe nzuri kiasi kwamba hawatamani ya kibandani. Wale wakubwa wawili wape siku yao ya sinema, Jumamosi mchana, muichague pamoja, na wewe kama hauna kibarua ukae nao. Mtoto wa kiume wa miaka kumi akiangalia sinema na baba yake, ukamwambia "hapa wameigiza, kisu hakikuingia, na huyu ndiye mwenye makosa," amepata kitu ambacho kibandani hakuna wa kumpa.

Taarifa ya habari saa 2 ni haki yako. Angalia na wakubwa, waulize maswali. Tatizo ni kinachofuata baada ya habari, maana TV huwa haizimwi, na yule mdogo aliyelala mkekani uso wake unapata mwanga na masikio yanapata kelele mpaka saa 5. Watoto wanaotakiwa kuamka saa 11 alfajiri kuwahi shule hawawezi kulala hivyo. Kama kuna tamthilia mama anaifuata, punguzeni mwanga wa kioo, sauti iwe ya chini, na upande wa kichwa cha mtoto uwe kinyume na TV. Khanga ikitundikwa kwenye kamba inasaidia kuliko watu wanavyodhani. Najua sivyo vitabu vinavyosema. Kwa chumba kimoja ndicho kinachowezekana, na kinaleta tofauti asubuhi, mimi nawapokea hao watoto getini naona nani amelala na nani hakulala.

Na wapangaji wenzako wenye watoto ongea nao. Mkikubaliana kwamba saa 10 mpaka saa 12 jioni vyumba vyote vinazima na watoto wanacheza uani, ndoo zitasogezwa. Mzazi mmoja hawezi, wanne wanaweza.


#4 Mama Kayole

Hamjambo nyote, mimi nawasoma nikiwa Nairobi.

Huku kwetu kuna sheria: kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 4 usiku vituo haviruhusiwi kupeperusha maudhui ya watu wazima. Na bodi yetu ya kuainisha filamu ina alama nne. GE ni ya kila mtu, PG ni mzazi awepo, halafu 16 na 18. Kitu nilichofanya ni kuwafunza watoto wenyewe kusoma hizo alama. Wangu wa miaka tisa akiona 16 imetokea mwanzoni mwa kipindi anasema "Mum, hii si yangu," anaenda zake. Nilimweleza sababu, nikamweleza pia kwamba mimi na baba yake tukiangalia hiyo tutaangalia wakiwa wamelala. Hapo namuunga mwalimu mkono, sheria iwashike wote.

Lakini sheria ya serikali haimalizi kazi. Mechi ya mpira inachezwa saa kumi jioni, halali kabisa, na katikati yake kuna matangazo ya kamari yanayomwambia mtoto kwamba shilingi kidogo inazaa mamilioni. Huyo huyo wa miaka tisa aliniuliza mbona hatubeti tulipe karo. Niliketi naye nikamwonyesha kwa hesabu, kwa karatasi na kalamu, pesa zinaenda wapi. Wazazi, matangazo pia ni kipindi. Yaangalieni.

Kwa walio huku, kuna stesheni ya watoto ya bure, Akili Kids!, ilianza Machi 2020 shule zilipokuwa zimetoka kufungwa kwa sababu ya korona. Isichanganywe na hiyo Akili and Me ya Tanzania, majina yanafanana tu. Kwangu iliokoa mwaka ule.


#5 Mama Tunu

Samahanini kuuliza swali binafsi kwenye uzi wa watu. Mwanangu ana miaka miwili na miezi mitatu, haongei. Anasema "mama" na "baba" basi. Akitaka kitu ananivuta mkono. Tangu mdogo amekuwa akiangalia nyimbo za katuni, kwenye TV na kwenye simu yangu, maana nafanya kazi ya ushonaji nyumbani na sina msaidizi. Wifi yangu anasema TV imemtia usonji, ile wanayoita autism. Sijalala vizuri tangu aseme. Naombeni ukweli.


#6 Nesi wa Kliniki

Mama Tunu, pole sana mdogo wangu. Nafanya kliniki ya mama na mtoto, swali lako nalipata kila wiki.

Kwanza, hakuna ushahidi kwamba TV inasababisha usonji. Usonji mtoto anazaliwa akiwa na msingi wake, na urithi una sehemu kubwa. Wifi yako amekosea kukubebesha hatia hiyo, iweke chini.

Pili, mtoto wa miaka miwili tunategemea aunganishe maneno mawili, "mama maji", "baba njoo". Wako hajafika hapo, kwa hiyo usisubiri. Usikubali wanaosema "watoto wa kiume wanachelewa" au "baba yake naye alichelewa." Mpeleke kliniki wiki hii, uombe rufaa ya hospitali ya mkoa, na jambo la kwanza wapime masikio. Mtoto asiyesikia vizuri anaweza kucheza nyimbo za katuni kwa kufuata picha na mtetemo, mzazi asijue. Waambie pia kama anakuangalia machoni, kama anaitika jina lake, kama anakuonyesha vitu kwa kidole. Hayo ndiyo yatakayowaongoza.

Tatu, wakati unasubiri, TV na simu punguza sana, kwa sababu kila saa anayoangalia ni saa ambayo hakuna anayemjibu. Watoto wa umri huu wanajifunza kidogo mno kutoka kwenye kioo ukilinganisha na mtu aliye mbele yao. Unashona? Mkalishe karibu na cherehani, mpe vipande vya vitambaa, mtajie: chekundu, kikubwa, lete, weka. Akikuvuta mkono, taja anachotaka kabla hujampa, subiri kidogo umpe nafasi ajaribu. Usimlazimishe. Mikasi na sindano ziwe juu.

Na niongeze mawili kwa wengine. Kukaa karibu na TV hakuharibu macho, lakini mtoto anayeisogelea kila mara huenda haoni mbali, mpimisheni. La pili linaniuma zaidi: TV bapa iliyosimamishwa kwenye stuli au kabati jembamba bila kufungwa. Mtoto anapanda kufuata katuni, inamwangukia kichwani. Ifungeni ukutani au iwekeni chini kwenye meza pana, na rimoti au midoli isiwekwe juu ya TV maana ndiyo inayomfanya apande.


#7 Mzee wa Ng'ambo, Unguja

Assalaam alaykum. Wanangu, mimi ni babu, naomba niseme kidogo.

Sisi huku Unguja televisheni ya rangi tuliipata miaka ya sabini, Bara mlikuwa bado, nyie mlianza 1994. Mtaani kwetu alikuwa nayo jirani mmoja. Jioni tunaoga, tunavaa, tunakwenda kwake, tunakaa chini kwenye jamvi, kipindi kikisha mwenye nyumba anasema "haya, kwenu." Tunatoka. Hakuna aliyelia, maana sote tulijua tumekuja kutazama nini. Kwa hivyo hili la mwalimu la kuhesabu kipindi mimi nalijua, nimelelewa nalo. Na kabla ya hapo mtoto ashatoka chuoni kusoma Kurani, ashadurusu, ashatumwa dukani. Televisheni ilipata nafasi iliyobaki.

Nataka kuzungumzia kwa bibi na babu, kwa sababu likizo wengi mtatuletea wajukuu. Mnakuja na masharti mmeyaandika, asitazame hichi, asile hichi, alale saa 2, mnamkabidhi mama yenu kama mnavyomkabidhi mfanyakazi. Mama yako kakulea wewe bila ya karatasi. Ukitaka akusikie, kaa nae umwambie, "Mama, huyu mtoto akitazama usiku hapati usingizi, analala darasani, nisaidie." Mwambie tatizo, atalitafutia dawa mwenyewe. Halafu mletee wajukuu na kazi ya kufanya nae. Bibi anaesuka ukili akiwa na mjukuu wa kumshikia, televisheni haikumbukwi. Bibi aliekaa peke yake siku nzima nae ndio anaewasha, kwa upweke. Hilo mlijue.


#8 Mama Leila, Uingereza

Babu hapo juu amenigusa. Nami niongeze la huku ughaibuni, kwa wenye watoto wanaokua mbali na nyumbani.

Mimi TV naitumia kwa makusudi, ili wanangu wasikie Kiswahili, maana shuleni na mtaani ni Kiingereza tupu. Niliwawekea Akili and Me na katuni nyingine za nyumbani. Walicheka, nyimbo walishika, lakini kuongea hawakuongea. Kilichobadilisha ni mimi kukaa nao. Kipindi kikiendelea namuuliza, "Huyu anaitwa nani? Anakula nini? Na wewe leo umekula nini?" Analazimika kunijibu mimi, kwa Kiswahili, na ndipo maneno yanatoka. Kisha tunampigia bibi Tanga kwa video, anamsimulia kipindi. Bibi anauliza maswali hamsini. Huo muda wa bibi kwenye simu mimi siuhesabu kama wa kuangalia skrini, kwa sababu kule upande wa pili kuna mtu anayejibu. Wazazi wa Dar ambao watoto wao wameshika Kiingereza cha katuni mpaka hawawezi kumwomba bibi maji, ninyi mna bahati, bibi mnaye karibu. Mpelekeeni.


#9 Baba Watatu Tandika

Mwalimu na wadau, nashukuru. Mama watoto nimemsomea uzi wote, hiyo ya khanga amesema inawezekana leo leo. Yule mkubwa nimemwahidi sinema ya Jumamosi na ameanza kuuliza ipi.

Nina swali la ufundi. Kwenye king'amuzi changu kuna chaneli za sinema za usiku, zinakuja na picha ambazo sitaki wazione hata kwa bahati mbaya wakiwa wanatafuta katuni. Zinafungwaje? Nilijaribu, ikaniuliza namba ya siri ambayo sijawahi kuweka.


#10 Mwalimu wa Awali

Hiyo namba imewekwa kiwandani, Baba Watatu, ndiyo maana huijui. Bonyeza Menyu kwenye rimoti ya king'amuzi, siyo ya TV, nenda Mipangilio, tafuta sehemu ya udhibiti wa wazazi au kufuli. Namba ya kiwandani imeandikwa kwenye kijitabu kilichokuja kwenye boksi. Kama kijitabu kimepotea, piga huduma kwa wateja, namba yao huwa iko kwenye stika chini ya king'amuzi, wakuelekeze. Usianze kubahatisha.

Ukishaingia, kitu cha kwanza badilisha hiyo namba kabla ya kufunga chochote. Namba za kiwandani mara nyingi ni rahisi mno, na mtoto wa miaka kumi anazipata kwa mwenzake shuleni. Usiweke mwaka wako wa kuzaliwa wala namba anayokuona ukiibonyeza kwenye simu. Kisha funga chaneli moja moja unazozitaka. Baadhi ya ving'amuzi vinakuruhusu pia kufunga kwa umri, ila hiyo inategemea kituo kiwe kimeweka alama kwenye kipindi, na si vyote vinaweka, kwa hiyo kwa chaneli za sinema za usiku funga chaneli yenyewe. Halafu tengeneza orodha ya chaneli pendwa, weka za watoto na za habari juu kabisa, ili wakitafuta katuni wasipite huko.

Ukimaliza zima king'amuzi, washa upya, jaribu kufungua ile uliyoifunga. Ikikuomba namba, umefanikiwa. Isipokuomba, niambie hapa ni king'amuzi cha aina gani, kuna wadau humu wenye kila aina watakuelekeza hatua kwa hatua.

Mama Tunu, ukitoka kliniki tupe taarifa wamesema nini kuhusu masikio.